Nakili Kwanza, Ndipo Ufungue: Somo la Kipokezi cha Ngara

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo makala hii isingekuwepo.

Mwaka jana nilikuwa fildi Ngara. Nyumbani kwetu ni Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kwa hiyo nilipopangiwa Ngara nilifurahi. Unapanda gari barabara ya Rusumo, unapita Benaco, unapandisha hadi Ngara mjini, na wikiendi unarudi kwa mama kula ndizi. Karakana niliyopelekwa sitaitaja. Ilikuwa na mafundi watatu, mmoja wao mzee ambaye wote tulimwita Babu, amebakiza miezi michache astaafu. Na ilikuwa na kifaa kimoja cha thamani kuliko vyote: kipokezi cha redio kinachoendeshwa kwa kompyuta. Unakiunganisha na laptopu kwa waya wa siriali, unaandika masafa unayotaka, nacho kinakupa namba ya nguvu ya mawimbi yanayofika pale uliposimama. Kwa kipokezi hicho karakana ilizunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo kupima mawimbi yanafika wapi na yanakatikia wapi, kabla mtu yeyote hajatoa hela ya mnara au antena.

Siku moja kioo kikawa kinaonya kwamba betri ya ndani imeisha nguvu. Babu alikuwa safarini. Mimi, mwaka wa tatu, matokeo mazuri, nimeshaangalia video mbili, nikajitolea. Nikafungua mfuniko, nikaikuta betri ya lithiamu ya volti 3 imechomelewa kwa risasi kwenye bodi. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikafunga. Dakika ishirini tu. Nikawasha, kikawaka. Onyo limeondoka. Nikajiona fundi.

Kumbe nilikuwa nimekifuta kumbukumbu.

Mnara haujahama

Siku kumi baadaye Babu alirudi, tukaenda kupima upande wa Rulenge. Tukasimama kwenye uwanja wa shule ambapo yeye alishapima miaka ya nyuma, tukainua antena ileile kwa kimo kilekile. Kipokezi kikatoa namba bila shida. Babu akaitazama, akanyamaza, akatoa daftari kwenye mfuko wa koti.

“Mwanangu, hapa tulipata 58. Leo kinasema 47. Mnara haujahama, mlima haujahama. Nani kahama?”

Namba hizo ni desibeli, zinazohesabiwa juu ya mikrovolti moja kwa mita. Kwa asiyesoma mambo haya: desibeli 10 ni tofauti ya nguvu mara kumi, na 11 ni zaidi ya mara kumi na mbili. Kuna pendekezo la Umoja wa Mawasiliano Duniani (ITU) kuhusu redio za FM, linaloitwa BS.412. Linasema vijijini zinatakiwa angalau desibeli 48 ili msikilizaji apate mono safi, na 54 ili apate stereo. Sasa linganisha. Kwa namba ya zamani, 58, kijiji kile kina mawimbi ya kutosha na ya ziada. Kwa namba ya kipokezi nilichokifungua mimi, 47, kijiji hakijafika hata kiwango cha chini. Tungeandika ripoti kwamba mawimbi hayafiki, na mtu angechangishwa hela ya kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Ubaya ni kwamba kosa lenyewe halikuwa moja. Tulipohamia masafa mengine, tofauti ikawa desibeli 4. Mengine, 7. Yaani huwezi kusema “basi tuongeze 11 kila mahali, maisha yaendelee.”

Na mimi? Nilinyamaza. Kwenye kitabu cha matengenezo nilikuwa nimeandika “betri imebadilishwa”, na kwenye nafasi ya msimamizi lilikuwepo jina la Babu. Mkuu wa karakana akamwita yeye. Mzee wa watu, amebakiza miezi ya kuhesabu kwa vidole, akaambiwa aandike barua ya kujieleza. Alikaa siku mbili akiiandika na kuifuta. Siku ya tatu nikaenda nikasema ukweli. Babu hakunigombeza. Alisema tu, “Kutoa betri si kosa. Ungeuliza kwanza inalinda nini.”

Kipokezi kikafungwa kwenye boksi kikapelekwa Dar es Salaam. Ratiba ya kupima vijiji vya Biharamulo, vingine jirani na kwetu kabisa, ikasimama. Babu alistaafu kabla hakijarudi.

Betri ilikuwa inalinda nini

Tuelewane hapa, kwa sababu hata sisi tunaosoma umeme wengi tunachanganya.

Kipokezi kina vipande vingi: vichujio, vikuza sauti na mawimbi, osileta ya kutunza masafa. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza vichujio viwili vinavyofanana sawasawa. Kimoja kinapitisha kidogo zaidi, kingine pungufu. Kwa hiyo kipokezi kikishaundwa, hupelekwa mbele ya mashine inayotoa mawimbi ya nguvu inayojulikana, na kwa kila bendi huangaliwa: tumekipa kiasi hiki, chenyewe kinasoma kiasi gani? Tofauti inaandikwa ndani ya kumbukumbu yake. Baada ya hapo kila kinaposoma, kinatoa au kuongeza tofauti hiyo kabla ya kukuonyesha namba. Kazi hiyo Shirika la Viwango (TBS) huiita ugezi. Sisi darasani tunasema kalibresheni.

Kwenye vifaa vingi vya zamani, namba hizo zilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya RAM, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Ndiyo maana ikawekewa betri ndogo ya kuishikilia usiku na mchana, miaka mingi. Ukiitoa betri bila kuweka umeme mwingine badala yake, namba zinapotea kwa sekunde. Kifaa kikiwaka tena kinakuta kumbukumbu tupu, kinajaza namba za kubuni za kiwandani, kinaendelea na kazi. Hakilalamiki. Hapo ndipo nilipodanganyika.

Fikiria mizani. Ukitoka Ngara na kahawa yako au Biharamulo na tumbaku yako, unaangalia kwanza kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo. Mkulima anajua kwamba mizani iliyoharibika haigomi kupima. Inapima vizuri tu, na namba inaonekana, ila kilo ni za uongo. Kipokezi changu kilikuwa mizani ya namna hiyo.

Wala si jambo geni duniani. Kipokezi mashuhuri cha Icom IC-R71, cha miaka ya 1980, kilikuwa na tatizo kubwa zaidi: programu yake yenyewe ya kuendeshea ilikaa kwenye RAM inayoshikiliwa na betri. Betri ikifa, redio nzima inakuwa boksi. Wenye nazo walijifunza kuunganisha umeme wa pembeni kabla ya kuigusa betri. Oskiloskopu za Tektronix za familia ya TDS za miaka ya 1990 nazo zilitunza namba za ugezi kwenye chipu zenye betri ndani yake, na waliokuwa makini walizinakili kwenye kompyuta kabla chipu haijazeeka. Yaani dawa inajulikana siku nyingi. Sisi ndio hatujafundishwa.

Kwa nini Ngara, kwa nini sasa

Wengine watasema, redio ya kijijini ni jambo dogo, vijana wako kwenye simu. Anayesema hivyo hajakaa kwetu.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Ni milima na mabonde. Ukishuka bondeni mawimbi yanakatika, ukipanda kilimani unapokea vituo vya nchi tatu. Masafa ya FM katika ukanda wetu yamepangwa kwa makubaliano ya Geneva ya 1984, na mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti. Vituo viwili vikigombana nani anamwingilia nani, kinachoamua ni kipimo. Na kipimo kinatoka kwenye kifaa kama kile nilichokifuta.

Halafu kuna historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama saa 24, na Benaco ikawa kambi iliyojulikana dunia nzima. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, JRS, likaanzisha Radio Kwizera pale Ngara. Kwizera ni tumaini, kwa Kirundi na Kinyarwanda. Kambi zimefungwa, redio imebaki, na wazazi wetu wamezoea kupata habari kwa sikio. (Kipokezi ninachokisema si cha redio hiyo, nisije nikaleta maneno.) Kwa watu wenye historia kama hii, kijiji kufikiwa au kutofikiwa na mawimbi ni jambo la maana. Ukipima uongo, unawaamulia watu uongo.

Hapa chuoni tukoje

Niliporudi nilianza kuangalia maabara zetu kwa jicho jingine. Vipo vifaa vyenye umri mkubwa kuliko sisi. Nikauliza swali moja tu kila nilipopita: “Nakala ya kumbukumbu ya kifaa hiki iko wapi?” Majibu yalikuwa ya aina tatu. Kuna waliocheka. Kuna waliosema labda mwalimu fulani aliyeshahama anayo. Na kuna mmoja, namheshimu sana, aliyeniambia, “Sijui, na sasa umenitia wasiwasi.”

Tuna mafunzo ya kupima. Tuna mtihani wa kukokotoa desibeli, ukikosea unasapu. Lakini hatuna hata saa moja ya somo inayosema: kabla hujafungua kifaa cha watu, nakili kumbukumbu yake. Tunapelekwa fildi mikoani tukiwa na bisibisi na kujiamini, na huko tunakuta kifaa kimoja kinachotegemewa na wilaya mbili.

Nimesikia hoja za kupinga, nizijibu.

Ya kwanza: “Programu za vifaa zinapatikana mtandaoni, ukifuta unapakua.” Hapana. Programu ya kuendeshea ni moja kwa vifaa vyote vya aina hiyo, hiyo unaweza kuipata. Namba za ugezi ni za kifaa kimoja tu, kile chenye namba ile mgongoni. Hata ukipata kipokezi pacha cha aina ileile, ukachukua namba zake ukaziweka kwenye chako, umevaa miwani ya mtu mwingine. Utaona, ila si sawasawa.

Ya pili: “Hiyo ni kazi ya mafundi wa maabara.” Ni kweli ni kazi yao. Lakini wanaofungua vifaa wakati wa projekti za mwaka wa mwisho ni akina nani? Sisi.

Ya tatu: “Vifaa vya kisasa havina betri hizo.” Vingi vinatumia chipu za EEPROM, ambazo hazisahau umeme ukikatika, kweli. Lakini zinaweza kufutwa kwa amri moja iliyokosewa, au kwa kusasisha programu umeme ukakatika katikati, na umeme wetu mnaujua. Hata wale wenye vijidude vya RTL-SDR vya kuchomeka kwenye laptopu: kila kimoja kina kosa lake la masafa, unalipima na kuandika marekebisho kwenye programu. Kosa la sehemu 50 kwa milioni kwenye megahezi 100 ni kilohezi 5. Marekebisho hayo yamo kwenye laptopu yako. Ukiformati laptopu, yameenda.

Ya nne: “Hatuna hela.” Hapa ndipo nataka tukae vizuri, maana kazi yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Inavyofanyika

Unaanza na kalamu. Andika aina ya kifaa, namba ya mgongoni, tarehe, na toleo la programu yake. Kisha, kabla ya kufungua chochote, kipime jinsi kilivyo: kipe mawimbi unayoyajua, andika kinasoma nini. Huo ndio ushahidi wako wa baadaye.

Pili, soma kitabu cha matengenezo uone kama kuna amri ya kutoa kumbukumbu kupitia waya wa siriali. Vifaa vingi vinavyoendeshwa kwa kompyuta vinayo. Kama hakuna, chipu ya EEPROM inaweza kusomwa kwa kisomeo kidogo cha kubana juu yake; ni vifaa vya bei nafuu, watu watano mkichanga kipande kidogo cha bumu mnacho. Soma mara tatu, si mara moja. Faili zote tatu zikifanana herufi kwa herufi, umesoma sawa. Zikitofautiana, mkono umetetereka au waya umelegea, rudia.

Tatu, hifadhi. Nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Flashi moja iliyo kwenye droo ya maabara hiyohiyo haitoshi. Moto au mwizi huchukua vyote. Na msidharau karatasi. Chipu ya 24C16 ina baiti 2,048. Ukiichapa kwa mistari ya baiti 16 ni mistari 128, karatasi mbili au tatu. Karatasi hiyo ikunje, ibandike ndani ya mfuniko wa kifaa. Miaka ishirini baadaye flashi yako haitafunguka, karatasi itasomeka.

Nne, ndipo ubadilishe betri. Unganisha kwanza umeme mwingine wa volti 3 sambamba na ile ya zamani, ndipo uitoe. Ukifanikiwa, nakala hutaihitaji. Ukiteleza, unayo.

Tano, na hii ndiyo inayosahauliwa: jaribu kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Rejesha kwenye kifaa kilekile chenye namba ileile, soma tena kumbukumbu ulinganishe na faili, kisha rudia vile vipimo vya mwanzo. Vikilingana, saini. Visipolingana, kibandike karatasi ya “kisitumike kupimia” na umwambie mwenyewe siku hiyohiyo. Usingoje siku tatu kama mimi.

Neno moja la tahadhari: kurejesha nakala si ugezi mpya. Kama kifaa kilikuwa kimeshaanza kukosea kabla hujanakili, umerejesha na kosa lake. Ugezi wa kweli unabaki kwa wenye mitambo ya rejea. Nakala inakuokoa usipoteze kile ulichokuwa nacho.

Ninachoomba

Naomba mambo matatu, na ninaiomba serikali ya wanafunzi iyapeleke kwenye vikao vya kitaaluma ambako sisi wengine hatuingii.

Kwanza, kila kifaa cha kupimia cha maabara zetu kiwe na jalada lake: nakala ya kumbukumbu, karatasi ya vipimo vya mwanzo, na jina la aliyenakili. Tuanze na vile vizee, kabla betri zake hazijaamua zenyewe.

Pili, mwaka wa pili kuwe na zoezi moja la maabara la kunakili, kufuta kwa makusudi, na kurejesha, kwenye kifaa kilichokwisha kuondolewa kazini. Mtu akishafuta kumbukumbu kwa mkono wake na kuirudisha, hatakuja kufuta ya watu kwa ujinga.

Tatu, fomu ya fildi iongezwe mstari mmoja: “Sitafungua kifaa cha kupimia kabla ya kunakili kumbukumbu yake mbele ya msimamizi.” Mwanafunzi asaini, msimamizi asaini. Mstari huo ungekuwepo mwaka jana, mzee mmoja asingemaliza utumishi wake akiandika barua ya kujitetea kwa kosa la mtoto wa chuo.

Likizo iliyopita nilimtembelea Babu kwake. Nilimwamkia, akaniitikia kama zamani, akanitolea kiti. Kipokezi, aliniambia, kimerudi, kimekaliwa upya, na vijana wa karakana wamekinakili. Nikamuuliza walijuaje kunakili. Akaniambia alipita kuwasalimia, akakaa nao asubuhi nzima, akawafundisha.

Kisha akaingia ndani akaja na lile daftari lake, lenye ile 58 ya uwanja wa shule. Akanipa. Nimeshalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala moja nimeiacha Nyakahura kwa mama.